Nyumba ya Kibenga Haijaagwa

Alma, Kebeki, 11 Mei 2025

Yaya Anouar, kaka yangu,

Salamu tulizimaliza jana kwenye simu, sizirudii. Baba alitufundisha hivyo: simu ni ya salamu, shauri linaandikwa, ili kesho mtu asije akakana alichosema. Nimeandika kwa mkono, nimepiga picha, nimetuma. Nawe ujibu kwa mkono. Usinitumie tena sauti uliyorekodi huku ukitembea na kuhema.

Wiki hii nimekwenda kufungua nyumba ya ziwani ya Bibi Gervais, huyu bibi ninayemtunza. Huku nyumba za ziwani zinafungwa kabla ya baridi. Maji yanatolewa kwenye mabomba, viti vinafunikwa mashuka, ziwa linafungwa na barafu. Mwezi wa tano barafu inavunjika. Usidhani inayeyuka kimya kama kwenye glasi ya soda. Inanguruma, vipande vinasukumana hadi nchi kavu kama watu kwenye foleni ya sukari.

Binti yake alikuwa amekataa mwaka huu. Bibi ana miaka karibu tisini na nyonga yake ni ya chuma. Asubuhi tukamkuta ameketi ndani ya gari, amefunga mkanda, amevaa buti za mpira, anatazama mbele. Hakuna aliyebishana na buti zile. Tulifika, tukakuta panya wamekula godoro na nyumba inanuka unyevu wa miezi yote ya baridi. Akaniambia nifungue kwanza dirisha la ziwani. Akakaa hapo hadi saa ya kurudi. Tulivyorudi alilala njia nzima kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Sasa nakuuliza. Mama ameniambia maji ya ziwa yaliyoingia nyumbani kwetu Kibenga yameanza kurudi nyuma, kwamba kila siku anakuomba umfungulie nyumba, na kwamba ufunguo unao wewe, unalala nao. Ana miaka sabini na minne. Nitajie kitu kingine alichowahi kukuomba katika maisha yake. Kwa nini humfungulii? Au umeshapata mnunuzi?

Mdogo wako,
Lubna


Kinanira, 19 Mei 2025

Mdogo wangu Lubna,

Mimi niiuze nyumba ya Baba! Tusi hilo nitalijibu mwisho, likishapoa.

Kwanza mwondoe huyo bibi yako katikati yetu. Ziwa lake linafungwa na kufunguliwa kila mwaka kama duka lenye mwenyewe. Letu halina kalenda. Lilitulia miaka mingi, watu wakapima viwanja hadi ndani ya matete, wakubwa wakagonga mihuri, wahandisi wakachora madirisha mapana ya kutazamia jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Halafu likaamka. Hayo nimeyaandika gazetini Jumamosi baada ya Jumamosi, na kuna sentensi moja ambayo watu wa Kibenga wameikariri ili wapate kunitukana nayo: “Ziwa halikumvamia mtu, sisi ndio tuliojenga juu ya kitanda chake.” Niliwalaumu wenye mihuri, nikawalaumu wenye pesa, nikamlaumu fundi mmoja wa mashine za meli aliyenunua kiwanja mahali ambapo hata chura anakunja suruali. Fundi huyo ni baba yetu, Mungu amrehemu. Yote yalichapishwa. Leo nimshike Mama mkono nimrudishe palepale?

Unasema maji yanarudi nyuma. Kweli, yametoka madirishani yakafika barazani. Wewe unaita huko kuondoka. Mimi naona yamekwenda kuvaa viatu.

Na viboko je? Wawili wamehamia kiwanja cha jirani. Mlinzi wa pale alikimbizwa hadi juu ya tangi la maji akashinda huko, anawatukana kwa Kirundi, nao wanakula bustani.

Mama hapa kwangu mlimani hakosi kitu. Chumba chake kinapata jua la asubuhi, Khadidja wangu anampikia uji wenye pilipili manga jinsi anavyoupenda, wajukuu wanamkanda magoti. Alitoka Kibenga vizuri, kwa hiari yake. Nilimweleza hatari, akaelewa. Hizi ndoto za kurudi ni za uzee, na ukizichochea kutoka ng’ambo unanifanyia vita mbele na nyuma.

Kuhusu mnunuzi: nyumba ile hata wezi wanaipita. Ufunguo ninalala nao kwa sababu mama yako ananinyatia.

Kaka yako, anayekupenda kuliko unavyostahili,
Anouar


Alma, 1 Juni 2025

Yaya,

Nimempigia Léocadie. Yule yule wa Uvira, mwuza samaki wa ndagala, aliyekuwa amepanga nyuma ya ukuta wetu Kibenga na sasa amehamia upande wa juu wa barabara. Siku mliyotoka alikuwapo, ana macho, na ulimi hana haja ya kuazima.

Kwa hiari yake? Léocadie anasema ulimtoa mgongoni, maji yakikufika kiunoni, na Mama akikupiga kichwani kwa kandambili kutoka mlangoni hadi kwenye lami. Nanukuu, na mwalimu ni wewe: “Dada Lubna, mwalimu alipigwa ile siku sawa vile ngoma ya harusi. Kandambili ikaanguka mu maji, mama akaendelea na mukono.”

Nilicheka hadi Bibi Gervais akauliza kuna nini. Nikamtafsiria. Akasema, “Mama yako ni mtu wa maana.”

Kisha nikaacha kucheka. Sikulaumu kwa kumtoa. Ningekuwapo ningekushikia miguu yake. Ninachokulaumu ni lile neno lako “akaelewa”. Mtu aliyeelewa hapigi. Mama, ambaye hakutupiga hata siku tulipochoma pazia, alikuwa na nini ndani ya nyumba ile hata akupige wewe, kipenzi chake? Ulimuuliza? Kila Jumamosi unawauliza wakubwa wa nchi maswali kumi. Huyu mmoja, aliye chumba cha pili, umemuuliza lipi?

Lubna


Kinanira, 13 Julai 2025

Mdogo wangu,

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa kazini. Nilitaka nikuandikie nikiwa nimeshinda. Sikushinda, lakini nakuandikia.

Swali lako liliniuma, nikalifanyia kazi. Nikajiambia: alikuwa na nini ndani? Alikuwa na vitu vyake, basi. Mwanamke amejenga nyumba kikombe kwa kikombe, kisha mwanawe anambeba kama gunia, anaviacha vyote kwa samaki. Nami ningepiga.

Maji yameondoka barazani. Nikamkodi Anselme na pikapu yake, tukakunja suruali, tukaingia. Tulitoa kitanda cha mvule, kioo kikubwa, cherehani, vikombe vya kahawa vyote na sinia lake. Khadidja alisugua siku mbili. Kitanda nikakipiga msasa mwenyewe hadi viganja vikachubuka. Tukangoja Mama aende Buyenzi kwa ndugu yake Zubeda, kwenye harusi ya mjukuu wa Zubeda, tukavipanga vyote chumbani, sinia juu, vikombe vimeinamishwa jinsi anavyopenda.

Alirudi, akasimama mlangoni. Akasema, “Ahsante, mwanangu,” kwa ile sauti anayowapa watu waliokuja msibani. Hakula. Alasiri yote aligeukia ukutani. Jioni akaniita.

“Umetoa kitanda?”

“Nimekitoa, Mama. Hicho hapo umelalia.”

“Sasa mi nitalala ku nini kule?”

Lubna, mimi nimesoma vitabu vya watu waliokufa miaka elfu iliyopita, nikawaelewa, nikabishana nao, wengine nikawashinda. Huyu aliyenizaa simwelewi. Nikimuuliza anataka nini, anasema, “Nifungulie nyumba.” Nikimuuliza kwa nini, anasema, “Utaniletea vitabu.” Nisaidie. Ukitaka kucheka, cheka, lakini uniandikie ukishamaliza.

Anouar


Kinanira, 20 Julai 2025

Mwanangu Lubna,

Salam aleikum. Mi niko muzima, magoti tu. Naandika mwenyewe kwa mukono wangu, Léocadie atapiga picha na simu yake, maana simu za hii nyumba zote ziko na masikio ya kaka yako.

Usimusumbue sana Anouar. Ni mutoto muzuri. Ananipenda mpaka pumzi inakata. Ile siku ya vikombe nilimuonea huruma, mikono yake ilikuwa imetoka ngozi. Lakini vitu apana. Vitu sikuviomba.

We haukukuwako baba yenu alipofariki. Makaratasi ya kule hayakukuachilia, sikulaumu. Ndiyo maana nakuambia we. Niliingia eda mu kile chumba chetu cha Kibenga. Godoro lake, dirisha lake, kofia yake ku musumari. Watu wanafikiri mujane mu eda amefungwa. Apana. Ni mazungumuzo. Mutu umekaa naye miaka yote ile, anaondoka na maneno iko nusu. Kila siku nilikuwa namuambia kidogo. Siku zikabaki chache, maji yakaingia, Anouar akanibeba.

Zile zilizobaki nikazikalia hapa Kinanira, mu chumba cha wageni, televizioni ya watoto inapiga makelele. Mu nyumba ambayo baba yenu hakulala hata mara moja. Si unajua alivyokuwa anasema, milima ni ya mbuzi. Nilikuwa namutafuta simuoni. Shehe akasema eda imetimia. Najua imetimia. Nikimuambia Anouar, ataenda kumuleta shehe tena, na vitabu vitatu, ataniambia Mama umesamehewa. Mi sikuomba kusamehewa. Nataka kumaliza.

Sitaki kuishi Kibenga. Mi si mupumbavu. Makala zake nazisoma zote, Léocadie anafungia ndagala, hata zenye mafuta nasoma. Nataka zile siku zangu tu, mu kile chumba. Halafu nimuage baba yenu, nioge, nitoke kwa mulango, kwa miguu yangu. Siyo mu mugongo kama gunia la mihogo.

Andika kwa kaka yako. Kwa mudomo hasikii, anasikia karatasi.

Mama yako,
Waridi


Alma, 21 Julai 2025

Yaya,

Nakutumia barua ya Mama. Isome ukiwa umeketi. Ukimaliza, usijibu kwa hoja.

Mimi sikumzika Baba. Siku ile niliosha vyombo vya watu, kwa kuwa ndiyo ilikuwa zamu yangu. Sijui nimuagie wapi. Hujui jinsi ninavyomwonea wivu Mama, kwamba yeye anajua chumba, anajua dirisha, anajua kilichobaki.

Rudisha kitanda.

Lubna

Hati zangu wamesema zitatoka mwezi wa tisa. Sijamwambia Mama, nisije nikamuahidi hewa.


Kibenga, 14 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Angalia juu hapo nilipoandikia.

Barua ya Mama niliisoma mara mbili, nikaenda kwenye rafu nikashika kitabu, nikakumbuka, nikakirudisha. Nikamgongea mlango. Nikamwambia, “Mama, kitanda kinarudi kesho.” Akasema, “Kesho apana, ukuta uko na maji bado. Ngoja kiangazi kikaushe.” Kumbe alikuwa na mpango mzima kichwani, na kandarasi alishatoa: Léocadie kusugua, Khadidja kupika, mimi kubeba. Kubeba vitu, alisisitiza.

Kwa hiyo tumeingoja Agosti yote, na wiki hii tumefungua. Mlango ulikuwa umevimba, niliyeupiga bega ni mimi, kilichofunguka ni ukuta kidogo na mlango kidogo. Ndani tope limekauka limepasuka vipande kama vigae. Ndani ya friji kulikuwa na mifupa ya samaki aliyejipeleka mwenyewe. Kiboko alipita sebuleni, mlango wa nyuma ameung’oa bila kuniomba ufunguo, nyayo zake ziko, na kwenye kona ya rafu ya vitabu nilivyomwachia Baba alitoa maoni yake, rundo zima. Nimeshapata wahakiki wabaya kuliko huyo.

Mama alikaa kwenye kiti chini ya kivuli cha ukuta na kutuamrisha. Dirisha la ziwani kwanza. Unakumbuka, ndilo Baba alilosikilizia meli zinazokwenda Kigoma na kutuambia ipi mashine yake haitafika. Niliposukuma mbao zile upepo ukaingia na harufu ya matete, na Mama akasema, “Ehe,” basi.

Ukutani maji yameacha mstari wa kahawia juu ya swichi za taa, nyumba nzima, umenyooka kuliko fundi angeuchora. Nikachovya brashi kwenye chokaa niufute. Mama akasema, “Huo wacha. Nao ulikaa humu.”

Massoudi jirani alipita, akanikuta nimejaa chokaa hadi kwenye ndevu. Akapaza sauti barabara nzima isikie: “Mwalimu! Leo mnalala kitanda kimoja na ziwa?” Nikamjibu nimekuja kumwomba radhi mwenye kitanda. Alicheka akashika ukuta, kisha akarudi na ndoo yake ya chokaa, maana yangu ilikuwa imeisha. Lubna, watu hawa nimewaita wajinga gazetini kwa miaka. Hakuna aliyeninyima brashi.

Leo alasiri, kitanda kikiwa mahali pake na kofia ya Baba kwenye msumari wake (alikuwa ameiweka kwenye mfuko wake wa nguo wakati wote huu, sikujua), Mama amevaa nguo nyeupe, ameingia, amefunga mlango. Nami niko barazani na kirungu cha kufukuzia viboko, jambo ambalo viboko hawajaarifiwa.

Anazungumza mle ndani. Mimi sisikilizi. Basi, nasikiliza kidogo. Sasa hivi anamweleza bei ya sukari.

Anouar


Kinanira, 5 Oktoba 2025

Lubna wangu,

Amemaliza.

Zubeda alikuja kutoka Buyenzi na wanawake wa familia, na udi, na kitenge kipya cha rangi ya machungwa ambacho mimi nisingethubutu kukichagua. Wakamuogesha. Sisi wanaume tulikaa nje na Massoudi, tumetazama upande wa ziwa, hakuna aliyefanya mzaha. Tukasikia vigelegele. Mlango ukafunguka, Mama akatoka.

Alishuka ngazi za baraza peke yake. Khadidja alinyoosha mkono, Mama akauondoa taratibu. Akapita uwanjani, akapita pale ambapo siku ile maji yalinifika kiunoni, hadi kwenye lami. Magoti yake unayajua, ilichukua muda. Nilimfuata nyuma nimebeba kandambili zake, kwa kuwa mkononi mwangu ni salama kuliko mkononi mwake. Alipofika barabarani akageuka, akaitazama nyumba, akasema kitu kwa sauti ndogo. Hakikuwa changu. Kisha akaniambia, “Siku ile ulikuwa umebeba vizuri. Mi ndiye nilikuwa sijamaliza.” Nikainama nikamvisha kandambili zake.

Aibu iliyobaki nakuandikia mwenyewe kabla Léocadie hajakupigia. Nilianza kuitetea nyumba. Nikamwambia Mama kwamba kuta ni imara, chokaa ni mpya, tunaweza kuwa tunashuka Ijumaa, tunywe kahawa pale dirishani. Nilitoa hoja nne, zote nzuri. Akaniacha nikamaliza.

“Anouar, si we uliandika tulijenga ku kitanda cha ziwa?”

“Niliandika, Mama, lakini makala na nyumba ni vitu viwili.”

“Ziwa halisomi gazeti. Mwaka huu ama mwaka mwingine linarudi kulala. Mi nimeshaaga. Wacha lije.”

Nikatoa ufunguo nifunge. Akanishika mkono. “Usifunge. Lubna hajaaga.”

Kwa hiyo ufunguo haumo tena mfukoni mwangu. Uko mlangoni, kwa ndani, na mlango uko wazi. Léocadie anaanika ndagala uwanjani na kufukuza paka, na anasema kiboko atakayeingia atamuuzia tiketi. Kitanda nimekiacha. Kofia nayo Mama ameiacha msumarini. Anasema hiyo ni zamu yako.

Umeniandikia kwenye simu kwamba hati zimetoka. Basi kisingizio kimekwisha. Mawingu yameanza kukaa juu ya milima na mimi, niliyelitukana ziwa hili kuliko mtu yeyote mjini, asubuhi nimesimama kwenye ukingo wa barabara nikaliomba linywe polepole.

Kaka yako,
Anouar

Mama ameninyang’anya karatasi, anaandika hapa chini:

Lubna, uje mbele ya mvua kubwa. Kama utachelewa, maji yatakuwa mu baraza, tutaingia vilevile. Leta buti za mupira sawa za yule bibi yako, pea mbili. Mi navaa thelathini na saba. Za Anouar wacha, atabaki ku lami anatuangalia. Nimeshamuambia, na we umuambie: safari hii habebi mutu.